Jinsi ya Kuunganisha Msikiti au Kanisa Lako na Shirika la Huduma za Jamii: Mwongozo Kamili kwa Mombasa

Mjane wa Mtongwe anaweza kupokea vifurushi vitatu vya chakula katika wiki moja ya Ramadhani: kimoja cha msikiti wa mtaani, kimoja cha shirika, kimoja cha mfanyabiashara aliyekuja na lori. Halafu Shawwal yote, mwezi unaofuata, ipite bila mtu kumbishia hodi. Nyumba ya pili yake kuna mzee mwenye kisukari ambaye hakupata hata kilo ya unga, kwa sababu hakuweza kusimama kwenye foleni. Mji huu una watoaji wengi, ila kila mmoja hutoa peke yake, bila kumuuliza mwenzake anampa nani.

Waumini wanajua ni nyumba gani haijawasha jiko. Shirika linajua afisa wa kumwona, fomu ya kujaza, na jinsi ya kuifuata familia hiyo hiyo miezi sita mbele. Ujuzi huu wa namna mbili ukikaa mbalimbali, maskini ndiye anayelipia. Mwongozo huu ni wa kamati za misikiti, mabaraza ya parokia, wazee wa kanisa, kina mama na vijana wa nyumba za ibada wanaotaka kufanya kazi na shirika la kidini la huduma bila kugombana na bila kumdhalilisha anayesaidiwa.

Hatua ya 1: Jueni mlicho nacho, na msianzie kwenye fedha

Kamati nyingi zikikaa kitako huuliza kwanza, "Tuna shilingi ngapi?" Swali hilo liwe la mwisho. Anzeni na watu. Siku moja baada ya ibada pitisheni karatasi ya kuandika kazi za waumini: nesi, mwalimu, mhasibu, wakili, fundi bomba, mama lishe, dereva wa tuktuk. Dereva anayejitolea kila Jumamosi asubuhi kupeleka wagonjwa hospitali kuu ya Makadara huenda akaifaa jamii kuliko mchango wa mara moja.

Kisha angalieni nafasi. Ukumbi wa kanisa hukaa mtupu katikati ya wiki, na vyumba vingi vya madrasa huwa wazi saa watoto wakiwa shule. Shirika linalolipa kodi ya ukumbi Tudor au Nyali litafurahi kupata meza, viti ishirini na choo kisafi.

Rasilimali kubwa zaidi haionekani kwenye karatasi yoyote: ni habari. Katika parokia za Kikatoliki, jumuiya ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba, kwa hiyo zinajua baba wa nani ameachishwa kazi bandarini. Kina mama wa msikiti husikia mambo kwenye hitma, matanga na maandalizi ya arusi ambayo afisa wa shirika hawezi kuyapata kwa dodoso. Habari hizi ni amana, na hatua ya 6 inaeleza namna ya kuzilinda.

Mwisho, jueni nani ana mamlaka ya kutia saini. Mali ya msikiti mara nyingi ni wakfu au iko chini ya wadhamini, na imamu peke yake hawezi kumkabidhi mtu chumba. Vivyo hivyo paroko ana askofu juu yake. Ushirikiano uliotiwa saini na mtu asiye na mamlaka huvunjika siku anapohamishwa.

Hatua ya 2: Chagueni haja moja

Mombasa ina haja za kumchosha malaika. Likoni na Kisauni kuna familia zenye vijana waliozama kwenye heroini. Kuna mitaa ambayo masika yakikolea maji huingia hadi kitandani, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliwaonyesha wengi jinsi mafuriko yanavyokuja ghafla. Kuna wazee wasio na mtu wa kuwaogesha, na kuna wasichana wanaoacha shule.

Chagueni moja. Ili kuichagua, tembeeni mtaani kabla ya kukutana na shirika lolote. Waoneni chifu na naibu wake, wazee wa nyumba kumi, na zaidi ya wote wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari huzunguka nyumba kwa nyumba na simu zao za kuandikia. Waulizeni, "Ni nyumba zipi mnazozitembelea na kutoka bila cha kuwaambia?" Majibu yatawaonyesha pengo lilipo.

Kama hamjui pa kuanzia, kuna jambo dogo lenye faida kubwa: bima ya afya. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, imeondoka na SHA, mamlaka ya afya ya jamii, imechukua nafasi yake. Usajili ni bure na hufanywa hata kwa simu kupitia *147#, na aliyesajiliwa anaweza kuhudumiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya chini bila kuwa ametoa mchango. Hospitali kubwa ndiyo inayodai mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipia mwaka, yaani shilingi 3,600. Mchuuzi wa soko la Kongowea anayeishi kwa mauzo ya siku hawezi kuitoa kwa mkupuo. Hapo vijana wa nyumba ya ibada wanaweza kusajili watu, shirika likapima nani kweli hana uwezo, na mfuko wa sadaka ukawalipia wachache wenye maradhi ya kudumu. Kazi ya namna hii ina mwanzo na mwisho, na matokeo yake huhesabika.

Hatua ya 3: Tafuteni mshirika, kisha mchunguzeni

Msikimbilie kuunda shirika jipya. Yapo. MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na ustawi, ina hospitali mjini na imefanya kazi ya matibabu ya uraibu kwa miaka mingi. Caritas ndiyo mkono wa huduma wa Jimbo Kuu Katoliki la Mombasa. Waanglikana na makanisa mengine wana idara zao za maendeleo. Mabaraza kama SUPKEM (baraza kuu la Waislamu), CIPK (baraza la maimamu na wahubiri) na NCCK (baraza la makanisa) yatawaelekeza kwa wanaofanya kazi mnayoitaka, na CICC, baraza la viongozi wa dini mbalimbali hapa Pwani, linafaa sana mkitaka kuvuka mpaka wa dini yenu.

Jina kubwa lisiwazuie kuuliza. Ombeni cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 ikachukua nafasi ya ile sheria ya NGO ya 1990, kwa hiyo ulizeni shirika limesajiliwa chini ya sheria ipi na limefikia wapi. Kama ni kikundi kidogo cha mtaani, yatosha cheti cha Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022. Ombeni hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na sera ya kulinda watoto. Sera hiyo isomwe na mtu wenu. Kuambiwa tu kwamba ipo hakutoshi.

Halafu nendeni ofisini kwao siku ambayo hawakuwatarajia. Kaeni kwenye benchi pamoja na wanaosubiri. Angalieni mama aliyekuja na mtoto mgongoni anavyopokewa: anaitwa kwa jina? Analazimishwa kueleza kisa chake mbele ya kadamnasi? Anaambiwa "njoo kesho" bila sababu? Dakika arobaini za benchi zitawafundisha mengi kuliko ripoti ya kurasa arobaini.

Ondokeni mapema mkiona haya: mkurugenzi ndiye pia mweka hazina, wanataka orodha ya waumini wenu kabla ya kueleza watakavyoitumia, wanauliza mapema watapiga picha wapi.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa sauti. Kama ndoto ya kamati yenu ni kufungua makao ya mayatima, acheni. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Watoto wengi wanaoitwa mayatima wana mzazi mmoja, bibi au shangazi aliye hai ambaye ameshindwa karo tu. Fedha ya kujenga bweni ikimfikia shangazi huyo, mtoto anakua kwao, anajua jina la babu yake na kaburi la mamake.

Hatua ya 4: Zungumzeni habari ya dini kabla ya habari ya kazi

Hapa ndipo ushirikiano mwingi huzama, hata baina ya watu wa dini moja. Msikiti una msimamo wake juu ya maulidi, shirika lina wake. Kanisa moja huombea wagonjwa kwa sauti, lingine hunyamaza. Mkiyaficha, yatajitokeza siku ya kugawa chakula mbele ya watu.

Kikao cha kwanza wapelekeni watu watatu: kiongozi wa dini, mtu wa fedha, na mwanamke anayejua mtaa. Bila huyo wa tatu mtazungumza juu ya nyumba ambazo hakuna mmoja wenu amewahi kuingia jikoni mwake. Na ulizeni mambo haya waziwazi. Asiye wa dini yetu atasaidiwa? Mtu wetu anaweza kumwombea mgonjwa, na nani aanze, mgonjwa au sisi? Mfungo mtauheshimu vipi kwenye ratiba? Wanawake watatembelewa na nani? Nyama ya kwenye vifurushi imechinjwa wapi?

Msimamo wangu ni huu, na sioni njia ya kuulegeza: msaada usiwe na sharti la imani. Asiambiwe mtu aje ibadani kwanza. Asipewe kitabu cha dini ndani ya mfuko wa unga. Kama ataka maombi ataomba mwenyewe, na hapo mjibuni kwa moyo wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inamlinda mtu asilazimishwe katika dini, lakini hata bila Katiba, mtu mwenye njaa hana uhuru wa kukataa, na kumhubiria akiwa katika hali hiyo ni kumtumia.

Tangu Shakahola, kule Kilifi mwaka 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri walioambiwa wafunge hadi kufa, watu wa Pwani wana haki ya kumtazama kwa jicho kali anayekuja kwa jina la Mungu. Msiudhike mkiulizwa maswali. Jibuni, onyesheni vyeti, na mruhusu jirani akae wakati wa mazungumzo.

Hatua ya 5: Fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walimaliza kazi, ila yapo mambo ya kuongeza.

Fedha za ibada si za aina moja. Zaka kwa Waislamu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini cha kutolewa zaka) na kutimiza mwaka, na wanaostahili ni makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Zakatul-fitri sharti iwafikie maskini kabla ya swala ya Idi. Sadaka ina nafasi pana zaidi, na wakfu hufuata nia ya aliyeuweka. Kwa hiyo msiitie zaka kwenye akaunti ya jumla ya shirika inayolipa pia umeme na mafuta ya gari. Muulizeni shehe mnayemwamini kabla, andikeni alichosema, na fungueni akaunti au namba ya malipo ya pekee. Upande wa makanisa kuna jambo linalofanana na hilo: mchango wa Kwaresima, sadaka ya jimbo na fungu la kumi vina taratibu zake, na kamati ya parokia haiwezi kuvihamisha kwa kura.

Kila fedha iingie kwa paybill au benki, isipite kwenye simu ya mtu. Kutoa kuhitaji saini mbili, moja ya kila upande. Fedha taslimu iliyokusanywa mlangoni ihesabiwe na watu wawili pale pale, iandikwe, ipigwe picha karatasi yake, na ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata.

Kubalini kwamba shirika lina gharama. Mfanyakazi wa ustawi anayevuka feri kutembelea familia ana nauli na mshahara. Waumini wakiambiwa mapema kwamba sehemu fulani ya mchango itagharimia kazi yenyewe, wataelewa. Wakigundua baadaye, hawataelewa.

Fedha ya wanasiasa ni mtihani wake. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamua mchango wa Rais William Ruto kwa parokia moja ya Soweto urudishwe, na nchi nzima ilizungumza. Amueni sasa, kabla mgombea hajafika na bahasha na kipaza sauti. Kamati isiyo na uamuzi wa maandishi hushindwa kusema hapana mbele ya umati.

Hatua ya 6: Kuwalinda watu

Sheria ya Watoto ya 2022 haimtofautishi mhalifu mwenye kanzu au joho na mwingine yeyote. Kila anayejitolea ajaze fomu, alete cheti cha tabia njema cha polisi, na atoe majina ya watu wawili wanaomfahamu nje ya nyumba ya ibada. Asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa; ziara za nyumbani ni za watu wawili. Hili limhusu imamu, padri, mchungaji, kila mtu.

Mtoto akidhulumiwa, namba ni 116, bure. Kwa dhuluma za kijinsia ni 1195. Zibandikeni ukutani. Na shauri kama hilo lisimalizwe barazani kwa wazee kupatanisha familia. Wazee wetu tunawaheshimu katika mengi, lakini jinai ya mtoto hupelekwa polisi na kwa afisa wa watoto, siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata daftari lenu. Majina ya wagonjwa, wanaotumia dawa za kulevya au wanaoishi na virusi vya Ukimwi yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la waumini. Tumieni namba za kesi. Daftari lenye majina likae kabatini kwa ufunguo. Picha za watu wakipokea unga, hapana. Mfadhili akitaka ushahidi mpeni risiti, hesabu, na picha ya magunia stooni.

Hatua ya 7: Andikeni makubaliano mafupi

Kurasa mbili zatosha, kwa Kiswahili, ili mama wa jikoni aweze kusoma. Andikeni nani anatoa nini, lini, nani hujibu simu, fedha zinapita wapi, na mtaachana vipi. Maneno yawe ya wazi namna hii:

"Msikiti utatoa chumba cha madrasa kila Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, na watu wanane wa kutembelea nyumba. Shirika litaleta afisa wa ustawi mmoja na litawafunza watu hao kabla ya ziara ya kwanza. Hakuna upande utakaotumia jina la mwenzake kuomba fedha bila barua ya ruhusa. Msaada ni kwa mkazi yeyote wa mtaa, wa dini yoyote. Makubaliano haya ni ya miezi sita."

Miezi sita, si miaka mitano. Muda mfupi huwaruhusu watu kusahihishana bila kuonekana wamevunja undugu.

Hatua ya 8: Ziara ya kwanza

Watu wawili wanafika mlangoni, mmoja wa mtaa, mmoja wa shirika. Wa mtaani ndiye anayebisha.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo bibi. Ni mie, mtoto wa Mama Fatuma wa kule kisimani. Nimekuja na dada yangu huyu, anafanya kazi na watu wa ustawi. Twaweza kukaa kidogo?"

Wanakaa chini kama kuna mkeka. Wanauliza habari za magoti, za wajukuu, za maji. Hawatoi karatasi. Kifurushi, kama kipo, kimebaki kwenye tuktuk, kwa sababu kikitangulia, bibi atajibu kila swali kwa namna anayodhani itamletea kingine. Baada ya muda dada wa ustawi anaomba ruhusa ya kuandika, anaeleza anaandika nini na nani atasoma. Bibi akikataa, haandiki.

Jioni ile ile wawili hao wanaandika mistari mitano: namba ya kesi, walichokiona, alichokiomba bibi mwenyewe, hatua inayofuata, na nani ataifanya kufikia lini. Hapo kwenye "alichokiomba mwenyewe" ndipo mtashangaa. Kamati ilikuwa imepanga chakula, bibi akaomba fundi wa paa na mtu wa kumsindikiza kliniki.

Jambo likizidi uwezo wenu, pelekeni kwa wenye ujuzi. Kijana anayetumia heroini hatibiwi kwa kufungiwa chumbani wala kwa maombi peke yake. Kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Kisauni, na mtu wenu anaweza kuwa yule anayemsindikiza kila asubuhi katika wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu. Kumsindikiza mtu ni kazi inayowafaa waumini kuliko nyingi nyingine.

Hatua ya 9: Toeni taarifa, na mjue kuachana

Kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa au kabla ya baraka za mwisho Jumapili, dakika tatu za taarifa: kiasi kilichoingia, kilichotoka, nyumba zilizotembelewa, kilichoshindikana. Hilo la mwisho lisiachwe. Kila miezi mitatu pande mbili zikae, na wakaribishwe wawili watatu kati ya wanaosaidiwa, wenye sauti kamili na si wa kuja kushukuru. Waulizeni wanachotaka kiachwe.

Muda ukiisha na mkaamua kutoendelea, fungeni hesabu mbele ya mashahidi na gaweni salio kwa mujibu wa nia ya watoaji. Zaka ibaki zaka. Amueni nani anabaki na daftari la kesi, na nakala nyingine zote ziharibiwe. Kisha kila familia iambiwe ana kwa ana, na mtu yule yule aliyekuwa akiwabishia hodi, na iachiwe jina na namba ya simu ya atakayewashughulikia kuanzia hapo. Familia ambazo bado ziko katikati ya matibabu au kesi ya mahakamani zisiachwe hadi mpokeaji mpya amezitembelea mara moja pamoja nanyi.